Vyeti au Ujuzi: Pesa ya Kutafuta Kazi Gotu Iende Wapi?

Kijana wa Gotu, huku Isiolo, aliyemaliza kidato cha nne anajua malango ya ajira yaliyo karibu naye: uaskari wa wanyamapori katika Hifadhi ya Jamii ya Nakuprat-Gotu, hoteli za watalii katika hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, kazi za Kaunti ya Isiolo, miradi ya mashirika, na vikosi vya serikali. Kila lango lina umati. Tuseme umeuza mbuzi na una shilingi 5,000 mkononi, au familia imejikamua ikakupa 20,000. Pesa hiyo iende wapi ili mwajiri akutambue katikati ya rundo la barua?

Wengi huanza na vyeti. Cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi, ni 1,050 kupitia eCitizen. Cheti cha kuonyesha hudaiwi, kutoka kampuni za taarifa za mikopo, ni kama 2,200. Hapo 3,250 zimekwisha na hujapanda gari. Cheti cha KRA cha ulipaji kodi hakilipiwi, unakiomba mwenyewe kwenye iTax, na fomu ya kujieleza ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, nayo ni bure, ingawa vijana wengi hulipa saiba wajaziwe wakidhani hiyo ndiyo ada ya serikali.

Kisha kuna alama za vidole za cheti cha maadili mema. Hazipigwi kwa simu, ni lazima ufike mwenyewe, na kwa mtu wa Gotu hiyo ni safari ya Isiolo mjini. Fomu inaitwa C24, na sharti ichapishwe karatasi moja, mbele na nyuma. Saiba ikikutolea karatasi mbili, utarudishwa. Vidole vyote kumi huzungushwa kwenye wino kimoja kimoja, na aliyeshinda wiki nzima akichimba kisima au kubeba mawe hukuta mistari ya vidole imefifia, alama hazisomeki. Pumzisha mikono siku chache kabla ya kwenda. Na kwa kuwa waajiri wengi hutaka cheti kisichozidi mwaka mmoja, kuna vijana wanaolipa upya kila mwaka kwa kazi ambayo hawajaitiwa hata usaili.

Hili linaniuma, kwa sababu sheria imeshalisema. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri haruhusiwi kumdai mwombaji vyeti hivi mpaka awe amekusudia kumpa mkataba wa kazi. Vikikosa kumridhisha, anaweza kuondoa nafasi aliyokuwa amekupa. Kwa hiyo 3,250 ni pesa ya mwisho kutoka mfukoni, ulipe ukishaambiwa umepata. Usiitangulize.

Wasifukazi wa kuandikiwa nao usikulie pesa. Mitandaoni wako wanaotoza 1,500 na zaidi, wanakurudishia karatasi yenye rangi na maneno kama "mchapakazi" na "mwenye ari", ambayo yamo kwenye kila bahasha. Andika mwenyewe kwa mkono, kisha ulipie kuchapwa tu. Kurasa 2 zinatosha. Mwajiri husimama pale anapokuta jambo linaloweza kuthibitishwa: "Nilikuwa karani wa sensa ya 2019." "Nimetunza daftari la mafuta ya jenereta ya kisima cha jamii kwa miaka 2." "Nimefundisha darasa la 4 kwa mkataba wa bodi ya shule." Chini yake weka jina na simu ya mtu aliyekuona ukiifanya kazi hiyo, awe mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya maji au chifu, na umwarifu kabla hajapigiwa.

Sasa twende kwenye matumizi ambayo mimi ningeyatanguliza: leseni ya pikipiki. Soma matangazo ya kazi za nyanjani huku kaskazini, za mifugo, lishe, maji na uhifadhi. Mara kwa mara utakuta sharti kwamba mwombaji awe na leseni halali ya pikipiki na aweze kuendesha kwenye njia mbovu. Vijana wetu wanaendesha tangu wakiwa wadogo, mchangani na mtoni, lakini hawana karatasi. Leseni ya kidijitali ni 3,050 kwa miaka 3. Gharama kubwa ni shule ya udereva na mtihani, na bei za shule zinatofautiana sana, hivyo uliza zaidi ya moja Isiolo kabla ya kulipa, na uulize kama ada ya mtihani imo ndani. Hapo 20,000 inafanya kazi. Cheti cha maadili mema kinachakaa ndani ya mwaka. Leseni inakulisha hata kabla hujaajiriwa.

Anayependa utalii atazame mitihani ya chama cha waongoza watalii wa Kenya, KPSGA, yenye ngazi za Bronze, Silver na Gold. Watalii huja Buffalo Springs na Shaba kuwatafuta wanyama ambao mtoto wa kando ya mto Ewaso Nyiro amekua akiwaona: punda milia wa Grevy, twiga mwenye mabaka ya wavu, choroa, swala twiga na mbuni wa Kisomali. Kinachobaki ni kuwajua kwa vitabu pia, pamoja na ndege na mimea, na kusoma kunagharimu muda kuliko pesa.

Lugha hazikugharimu kitu. Anayezungumza Kiborana na Kiturkana, akaongeza Kiswahili na Kiingereza, ni mtu adimu katika mradi wowote wa eneo ambalo jamii hizo mbili hutumia mto na malisho yale yale. Lugha hizo ziweke juu kabisa kwenye barua. Na ukiomba kazi ya kaunti, kumbuka Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65: angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti.

Kuna pesa isiyopaswa kutoka hata ukiwa nayo. Usajili wa jeshi na polisi ni bure. Anayekuomba chochote akupitishe ni mwizi. Anayekuahidi kazi Ghuba, hakikisha wakala wake amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira kabla hujampa hata nakala ya pasipoti.

Basi ukiwa na 5,000, andika wasifukazi mwenyewe, peleka barua kwa mkono, na kinachobaki kiweke akiba ya leseni. Ukiwa na 20,000, ingia shule ya udereva. Nanyi waajiri wa Isiolo, wa umma na wa mashirika, ondoeni orodha ya vyeti kwenye matangazo yenu. Mdai karatasi hizo kwa yule mmoja mliyemchagua, kama sheria inavyotaka.