Kivuli cha mlingoti, adui wa sola katika mashua ndogo

MWENYE mashua ndogo ya tanga anapotaka kufunga paneli za umemejua, swali analolipeleka dukani kwa kawaida ni la wati ngapi. Swali hilo lina umuhimu wake, lakini limetangulia zamu yake. Linalopaswa kuja kwanza ni wapi paneli hizo zitakaa ili kivuli cha mlingoti na tanga kisizifikie, na zitafanywaje siku chombo kitakapopandishwa kwenye tela na kuvutwa na gari barabarani.

Nchini Marekani vyombo vya aina hiyo ni vingi. Mmiliki huegesha mashua uani kwake, kisha mwishoni mwa wiki huivuta hadi ziwani au baharini. Mojawapo ya zinazojulikana zaidi ni Catalina 22, mashua ya faibaglasi iliyoanza kutengenezwa California mwishoni mwa miaka ya 1960, yenye urefu wa mita 6.5 hivi na upana wa mita 2.3. Zaidi ya 15,000 zimekwisha kuundwa. Ndani mna vitanda, pengine jiko dogo, na mara nyingi betri moja tu ya volti 12.

Betri hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Injini ndogo inayofungwa shetrini hutoa ampea chache za kuchaji, tena pale tu inapokuwa inafanya kazi. Mashua ikienda kwa tanga kutwa nzima, umeme unatumika bila kurudishwa. Usiku ukiingia, taa nyekundu na ya kijani hufifia, redio ya VHF hunyamaza, na meli ya mizigo inayokuja haina njia rahisi ya kujua kwamba mbele yake kuna watu.

Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya 25, hukiruhusu chombo cha tanga kilicho chini ya mita 7 kutumia tochi au taa ya mkono yenye mwanga mweupe pale isipowezekana kuwasha taa za kawaida, mradi ionyeshwe mapema kuzuia mgongano. Ni ruhusa nyembamba. Tochi mkononi mwa mtu mmoja aliyechoka, saa nane za usiku, ni kinga dhaifu mbele ya meli.

Ndiyo maana wengi hukimbilia sola, hasa baada ya bei ya paneli kushuka sana tangu miaka ya 2000. Ugumu huanza baada ya kununua.

Paneli ya kawaida ya volti 12 ina seli 36 zilizounganishwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine. Mtu aliyewahi kuona zege likimwagwa ghorofani ataelewa haraka: watu 36 wamesimama kwenye mstari wakipokezana karai, na mmoja akisita, mstari wote unasita pamoja naye. Ndivyo ilivyo kwa seli. Ikifunikwa moja na kivuli kizito, mkondo wa umeme wa zote 36 hushuka hadi kiwango cha ile dhaifu.

Watengenezaji huweka daiodi za kukwepesha umeme ili upite kando ya seli zilizofunikwa. Kwa kawaida daiodi moja hulinda seli 18, yaani nusu ya paneli. Katika paa la nyumba lenye paneli nyingi msaada huo ni mkubwa. Katika mashua yenye paneli moja ni mdogo mno: nusu ya paneli ikikwepwa, volti zinazobaki ni kama 9, na betri inayohitaji zaidi ya volti 13 ili ipokee chaji haiwezi kupata kitu hapo. Paneli imelipiwa yote, jua linawaka, na betri haiingizi chochote.

Sasa itazamwe mashua yenyewe. Katikati umesimama mlingoti. Nyuma yake, juu ya vichwa vya mabaharia, imelala boriti inayonyoosha upande wa chini wa tanga. Tanga likifunguliwa hufunika upande mmoja wa chombo, na mashua ikigeuza upande kuufuata upepo, kivuli nacho huhama. Hakuna sehemu ya sitaha yenye jua kutwa nzima.

Kwa sababu hiyo, paneli mbili za wati 50, moja kila upande wa shetri, mara nyingi hufanya kazi kuliko moja ya wati 100 iliyowekwa katikati. Sharti ni kwamba ziunganishwe sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili iliyo kivulini isiivute chini mwenzake iliyo juani. Mashua ikitia nanga, boriti huvutwa kando kwa kamba na kufungwa huko. Kazi hiyo ya dakika moja haigharimu kitu, na faida yake huenda ikazidi ile ya kununua paneli nyingine.

Zipo paneli laini zinazopinda, ambazo hubandikwa kwa gundi juu ya sitaha au mfuniko wa chumba. Ni nyepesi na hazishiki upepo. Hata hivyo zina kasoro mbili. Zikikanyagwa, seli hupasuka kwa nyufa zisizoonekana kwa macho. Na kwa kuwa hewa haipiti chini yake, hupata joto kali. Seli za silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi juu ya 25, hivyo paneli yenye joto la nyuzi 65 imekwisha kupoteza kama asilimia 16 ya kile kilichoandikwa kwenye lebo. Paneli ngumu ya kioo na fremu ya alumini, iliyofungwa kwenye vyuma vya ukingo wa shetri, hupata hewa pande zote na inaweza kuinamishwa kulielekea jua.

Kuinamisha kuna maana zaidi kadiri mtu anavyokwenda mbali na Ikweta. Katika visiwa vya kusini mwa Florida, adhuhuri ya Desemba jua hufika nyuzi 42 tu juu ya upeo wa bahari, na paneli iliyolazwa hupata kama theluthi mbili ya mwanga ambao ingeupata ikilielekea jua moja kwa moja. Dar es Salaam, ambako jua hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, kulaza paneli si hasara kubwa. Kanuni ya kivuli lakini haibadiliki: tangi la maji juu ya paa la nyumba hufanya lile lile ambalo mlingoti hufanya baharini.

Barabarani kuna mtihani mwingine. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa huipiga paneli kwa nguvu mara 16 ya upepo wa kilomita 25 kwa saa. Paneli ya nusu mita ya mraba ikiukabili upepo huo hubeba msukumo wa zaidi ya kilo 20, pamoja na mitikiso ya kila shimo. Skrubu zilizotosha majini hulegea.

Isitoshe, kabla ya safari mlingoti hushushwa na kulazwa juu ya mashua, na mwisho wake hupita pale pale juu ya shetri. Upana nao una mpaka. Marekani, chombo kinachovutwa bila kibali maalumu kwa kawaida hakizidi mita 2.59. Catalina 22 huacha kama sentimita 12 tu kila upande, na paneli iliyoning'inizwa nje ya vyuma huzimaliza. Dawa ni vifungio vya pini vinavyotolewa kwa mkono bila spana, na plagi isiyoingiza maji ili waya utenganishwe haraka. Paneli husafiri ndani, kitandani, ikiwa imefunikwa blanketi.

Baada ya hayo ndipo wati zihesabiwe. Paneli za wati 100 katika siku yenye saa tano za jua kamili hutoa wati-saa 500 kwenye karatasi. Mtu mwangalifu, akikumbuka joto na kivuli, hupanga matumizi kwa 300. Taa za LED za wati 3 kwa saa 12 hula 36, redio inayosikiliza kwa saa kumi hula kama 50, simu mbili 30, na kifaa cha ramani 80. Zinabaki. Lakini balbu ya zamani ya wati 25 juu ya mlingoti, ikiwaka saa 12, inamaliza zote 300 peke yake. Kubadilisha balbu kunapaswa kutangulia kununua paneli.

Kati ya paneli na betri huwekwa kidhibiti chaji, na fyuzi hukaa karibu kabisa na betri, kwa kuwa waya ukichubuka betri inaweza kumwaga mamia ya ampea na kuwasha moto ndani ya chombo cha faibaglasi. Kidhibiti huunganishwa na betri kwanza, paneli baadaye. Waya zisipite kando ya dira, maana mkondo wa umeme huupotosha mshale wake.

Linalosahaulika zaidi ni miezi ambayo mashua imekaa uani chini ya turubai. Betri ya risasi hupoteza chaji taratibu hata isipotumika, na ikiachwa tupu huharibika. Paneli zilizofunikwa haziwezi kuisaidia. Kipaneli cha wati 10 kikifungwa nje ya turubai, mbali na kivuli cha ukuta, kinatosha kuitunza hadi msimu ujao.