Je, Wajua? Jino la Kilwa Lina Ukoo Wake

Jino la mtu aliyezikwa karne nyingi zilizopita bado linaweza kueleza asili ya mama yake na ya baba yake.

Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha vinasaba (DNA) vya watu 80 wa kale, baadhi yao wa Kilwa, Songo Mnara na Lindi, kusini mwa kisiwa cha Songo Songo. Vinasaba vya mitokondria hurithiwa kwa mama tu: kwa wengi wa pwani vilikuwa vya Kiafrika. Kromosomu Y hutoka kwa baba: nyingi zilikuwa za Asia, hasa Uajemi. Damu zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Waliokulia hadithi ya Ali bin Hassan, Mshirazi wa Uajemi aliyenunua Kilwa kwa nguo, hawana haja ya kushangaa sana!

Ili kupata vinasaba hivyo, maabara hutoboa jino, au mfupa mgumu wa sikio la ndani, na kupata unga kiduchu tu. Fundi hujifunika gubigubi, maana tone la mate yake litaingiza ukoo wake mwenyewe.

Kisha vinasaba vilivyomo katika unga huo hunakiliwa. Kipande kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Kwa hesabu, mizunguko 30 hutoa nakala zaidi ya bilioni 1.