Magoti Yaliyopona na Moyo Uliobaki na Kovu

Katika vijiji vya ufukwe wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Ujiji na Kibirizi hadi vile vinavyofikiwa kwa mashua tu, mtoto mwenye homa na goti lililovimba hudhaniwa kwanza kuwa ana malaria. Dhana hiyo haishangazi, kwa kuwa malaria ipo. Lakini goti likipoa, kifundo cha mguu kikaanza kuuma, kisha kiwiko, yafaa kuulizwa swali jingine: je, wiki mbili au tatu zilizopita mtoto huyu aliugua koo?

Homa ya baridi yabisi hufuata maambukizi ya koo yaletwayo na bakteria wa streptokokasi. Kinga ya mwili, ikipambana na vimelea hivyo, hushambulia pia viungo na moyo, kwa sababu baadhi ya sehemu zake hufanana na za vimelea. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, hasa pale wengi wanapolala chumba kimoja. Viungo hupona bila kilema, na hapo ndipo penye hila ya ugonjwa huu: mzazi hushukuru, jambo likasahauliwa. Vali za moyo, hasa ya mitrali, huweza kubaki na makovu, na kila shambulio jipya huongeza kovu.

Wengi hugundua ukubwani. Mwanamke aliyezoea kubeba ndoo ya dagaa kutoka mwaloni hushika mimba. Ifikapo miezi ya kati, damu ikiwa imeongezeka mwilini, huanza kukosa pumzi usiku na kulala akiegemea mito. Huambiwa ni uchovu wa ujauzito. Aliyewahi kuumwa viungo utotoni hana budi kumweleza mkunga tangu hudhurio la kwanza, ili moyo wake usikilizwe na, ikibidi, upigwe picha ya mawimbi ya sauti.

Upasuaji wa vali hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma. Wala safari haiishii hapo. Mwenye vali ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, akipimwa damu mara kwa mara, na dawa hiyo, warfarini, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Msichana apaswa kulijua hilo kabla ya kuchaguliwa aina ya vali.

Kinga ni nyepesi zaidi: sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, pengine zaidi ya kumi ikiwa moyo umeguswa. Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 wenye dalili za awali za ugonjwa huu walifuatiliwa kwa miaka miwili. Hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Ugumu ni kudumu nayo. Kijana anayehama kambi za uvuvi asafiri na kadi yake ya sindano.

Ipo pia baridi yabisi ya utotoni isiyotokana na koo, ambayo hukaa kwenye viungo zaidi ya wiki sita. Hiyo haili vali kwa namna ile, ila uvimbe wa muda mrefu na dawa za steroidi huweza kuichosha mishipa ya damu. Mtu mzima wa namna hiyo apimwe shinikizo la damu na sukari mapema kuliko wenzake, na aepuke sigara.