Kichwa Hiki Kimepitia Mikono Mingi

Sogeeni karibu, ila kwanza panguseni hiyo mikono. Picha hii ina miaka mingi kuliko mama zenu. Ilipigwa mwaka 1967 kwenye ngazi za nyumba moja hapa Parklands, Nairobi, na hao wasichana wawili wana miaka kumi kila mmoja. Wa kushoto ana misuko miwili mizito inayofika kiunoni, inang'aa mafuta ya nazi. Wa kulia nywele zimemsimama pande zote kama nungunungu aliyetishwa. Huyo ni mimi.

Yule mwenzangu alikuwa binti wa memsabu wa mama. Mama alikuwa yaya, nasi tuliishi kile chumba cha nyuma kinachoitwa kota. Parklands ya wakati huo ilikuwa ya Wahindi, kama ilivyokuwa ya Wazungu kabla yao. Mkoloni aliugawa mji kwa rangi ya ngozi: Mzungu na vilima vyake vyenye upepo, Mwafrika na Pumwani yake. Uhuru wa 1963 ulifuta mipaka hiyo, lakini Mwafrika aliyelala Parklands bado mara nyingi alilala nyuma ya nyumba ya mtu mwingine.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya vichwa. Mama alinikalisha chini kati ya magoti yake, na uzi mweusi wa pamba mkononi. Alichukua fungu dogo la nywele, akalizungushia uzi kuanzia kwenye shina hadi ncha, akakaza mpaka macho yangu yakavutika. Fungu likasimama kama waya. Akaja la pili, la tatu. Ukifumua baada ya juma moja unakuta nywele zimenyooka na kurefuka bila moto na bila dawa. Wale bibi waliobuni jambo hilo walikuwa mafundi, hata kama hakuna aliyewaandika kitabuni.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye baraza, memsabu naye alikuwa na binti yake kati ya magoti. Mafuta ya nazi, chanuo, na makofi madogo kila mtoto alipojaribu kuchomoka. Tulikuwa tukiangaliana mimi na mwenzangu, wote machozi yanatutoka. Mimi nilitamani nywele za singa zinazoanguka mabegani. Yeye alitamani zangu, kwa sababu zilikaa pale zilipowekwa.

Jirani yetu mmoja alikuwa mvulana wa Kisikh. Masikh tuliwaita Makalasinga, sisi watoto na wakubwa pia. Huyu hakuwahi kunyolewa tangu azaliwe. Nywele zake zilifungwa fundo utosini, na alipokua zikafunikwa kilemba. Nilimwuliza kama hachoki na joto. Alinijibu kwamba nywele ni zawadi ya Mungu, na zawadi haikatwi. Nilimwonea wivu kidogo, si kwa zile nywele bali kwa jinsi jibu lake lilivyokuwa fupi.

Kisha sinema ikaingia nyumbani. Mwaka 1960 huko Bombay ilitoka filamu iitwayo Love in Simla, na mwigizaji wake alikuwa msichana aliyeitwa Sadhana. Paji lake la uso lilionekana pana mno kwenye kamera. Mwongozaji, R. K. Nayyar, akaamua alifunike: nywele za mbele zikatwe zianguke juu ya nyusi, kama za Audrey Hepburn wa Hollywood. Basi hivyo tu. Kasoro ya paji moja la uso ikageuka kuwa fasheni ya bara zima, na popote Wahindi walipokuwa na ukumbi wa sinema, ukiwemo ule wa Shan pale Ngara, wasichana walirudi nyumbani na wazo jipya kichwani.

Dada mkubwa wa mwenzangu aliutekeleza mkato wa Sadhana bafuni, kwa mkasi wa kushonea. Nyanya yake alilia siku mbili. Mimi na mama tulisikia kilio chote kutoka kota, na mama akasema neno ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mkubwa: "Halilii nywele huyo."

Februari 1968 wakaondoka. Serikali ya Uingereza ilikuwa mbioni kupitisha sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza wasiingie huko wapendavyo, na maelfu walikimbilia uwanja wa ndege kabla mlango haujafungwa. Nyumba ikabaki tupu, mama akapata kazi kwenye avenyu iliyofuata. Baada ya miezi kadhaa barua ikaja kutoka Leicester na picha ndani yake. Misuko ilikuwa haipo. Alikuwa na nywele fupi zinazoishia masikioni, na koti zito. Aliandika kwamba watoto wa shule walikuwa wakimvuta misuko ile, basi mama yake akaikata.

Nilimwonea huruma, bila kujua kwamba zamu yangu iko njiani.

Shule ya upili niliyopelekwa sitaitaja. Ilikuwa na kanuni: msichana Mwafrika, nywele fupi, chanuo lisizame. Sababu tulizopewa zilikuwa nzuri sana: chawa, muda wa masomo, usawa kati ya maskini na tajiri. Wenzetu Wahindi katika darasa lile lile walisuka nywele zao na kuzifunga utepe, na hakuna aliyewaambia habari za chawa. Nataka mlikumbuke jambo hili, maana wengi wenu mmepita mkasi huo huo bila kuuliza.

Likizo ya 1971 niliamua kufuga afro. Wakati huo ilikuwa imeenea duniani. Mwaka mmoja nyuma serikali ya Marekani ilibandika mabango ya kumsaka mwanamke aitwaye Angela Davis, mwanafalsafa mweusi ambaye baadaye mahakama ilimwachilia huru. Walitaka watu wamwogope, badala yake vijana wakazipenda nywele zake. Nairobi nzima ilijaa vichwa vya mviringo. Machanuo ya kuzichania tuliyapata kwa mafundi waliokunja spoku za baiskeli na kuzifunga pamoja mkiani kuwa mpini. Meno marefu, yanafika ngozini bila kukata nywele.

Mama aliponiona alikaa kitini. Hakunipiga. Alinieleza habari za Aprili 24, 1954, siku askari wa Kiingereza walipouzingira mji huu na kuwachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru mmoja mmoja. Mama alikuwa msichana Pumwani. Miaka ile ya hali ya hatari, nywele zilizosokotana zilimaanisha msitu, na msitu ulimaanisha Mau Mau, wapiganaji waliompinga mkoloni. Picha ya Dedan Kimathi, kiongozi wao, alipokamatwa Oktoba 1956 ilisambazwa ili watu wamwone amelala chini, pingu mikononi, nywele zake kama kamba. "Mimi nikiona kichwa kisichochanwa," mama alisema, "nasikia buti."

Sasa mnaelewa kwa nini nilinyamaza nilipopelekwa kwa kinyozi. Afro kwangu ilikuwa uhuru, kwake ilikuwa hatari, na wote wawili tulikuwa tunakitazama kichwa kimoja.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa makali zaidi. Tanzania ilianza Operesheni Vijana tarehe 1 Januari 1969: marufuku wigi, marufuku sketi fupi, marufuku krimu za kung'arisha ngozi, marufuku suruali za kubana. Umoja wa vijana wa chama tawala, TANU, ndio uliosimamia, kwa jina la utamaduni wa taifa. Wigi kweli lilitoka nje. Lakini suruali ya kijana aliyekuwa akimzuia mwanamke barabarani nayo ilitoka nje, na sijasikia kama aliivua.

Kwa krimu, hata hivyo, sina utani. Shangazi yangu alijipaka krimu ya Ambi mpaka watu wakamwimbia ile kejeli ya uso Fanta, miguu Coca-Cola. Aliniambia kazini wanawake weupe kidogo ndio waliokalishwa mezani mbele. Krimu nyingi za siku hizo zilikuwa na zebaki. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu wagonjwa wa figo waliowatibu, na wengi wao walikuwa wanawake waliojipaka krimu hizo. Miaka mingi baadaye mwigizaji Lupita Nyong'o, binti wa hapa kwetu, alisimulia hadharani kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu amwamshe akiwa mweupe. Mwaka 2019 alitoa kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, jina la Kijaluo lenye maana ya nyota. Kama bado hamjakisoma, kitafuteni.

Miaka ya themanini naipitia haraka, kwa aibu. Nilikuwa na kalikiti. Dawa inalegeza nywele, zinakunjwa kwenye vibomba, kisha unazinyunyizia maji ya mafuta asubuhi na jioni maisha yako yote. Kola za blauzi zilichafuka, viti vya watu vilichafuka, usiku nililala na mfuko wa plastiki kichwani. Kaka zenu wa miaka ya tisini walichonga "box" kama tofali, kisha wakanyoa upara wakauita Jordan. Hayo waulizeni wenyewe.

Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba shule ilikosea kumfukuza msichana Mrasta kwa ajili ya nywele zake, kwa kuwa imani yake ni dini kama dini nyingine. Na Aprili 2022 kule Nyeri, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa mpiganaji wa Mau Mau, alikubali kunyolewa rasta alizotoka nazo msituni mwaka 1963. Aliyeshika mkasi ni Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya. Nilikuwa nikitazama runinga, nikamkumbuka mama. Nywele alizoziogopa maisha yake yote zilikuwa zikikatwa kwa heshima, mbele ya kamera.

Mjukuu wangu huyu mnayemwona na hina mkononi ametoka kupakwa kwenye maduka ya Diamond Plaza, hatua chache kutoka ilipokuwa kota yetu. Wiki iliyopita alisukwa matuta Ngara. Leo ananiuliza kama atindwe nyusi kwa uzi. Nimemwambia aulize kichwa chake mwenyewe.

Mkifika nyumbani ombeni albamu. Msianze kwa kumcheka nyanya na lile kalikiti. Mwulizeni kwanza ni nani aliyemsuka, na ni nani aliyekasirika alipomwona.