Pikapu ya Gitaa: Jinsi ya Kuichagua Bila Kupoteza Fedha

Kichwa cha makala hii kisiwadanganye. Pikapu ninayotaka kuieleza si ile motokaa ipakiayo ndizi na magunia ya mpunga kwenda soko la Kamembe. Ni kile kidude chenye sumaku kilichowekwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, ambacho kazi yake ni kuugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Nimeandika habari hii kwa sababu mwaka jana nilikabidhiwa fedha za wenzangu ninunue pikapu moja, nami nikakosea. Kosa langu nitalieleza bila kulificha, maana wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Gitaa lenyewe

Gitaa la kwaya yetu tuliachiwa na wanafunzi wa zamani. Lina pikapu tatu, kila moja na koili yake moja, kwa mfano wa gitaa la Stratocaster ambalo kampuni ya Fender ilianza kuliuza Marekani mwaka 1954. Pikapu ya kwanza iko karibu na shingo, ya pili iko katikati, na ya tatu iko karibu na daraja, yaani pale mwisho nyuzi zinapokalia kibao cha chuma. Hii ya tatu ndiyo mpigaji wetu wa solo huitegemea, kwa kuwa sauti yake ni kali na safi.

Sisi wa Rusizi hatuhitaji kuelezwa sana thamani ya sauti hiyo. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, na muziki wa Kongo tumekua nao masikioni. Docteur Nico Kasanda, aliyefariki mwaka 1985, na Franco Luambo, aliyefariki mwaka 1989, walionyesha kwamba gitaa la solo laweza kuimba kama mtu. Katika muziki huo magitaa mawili au matatu hupigwa pamoja, na kila moja lina njia yake. Solo lazima iwe wazi, ipate kupita juu ya nyingine bila kuzikanyaga.

Basi Jumapili moja, katikati ya wimbo wa matoleo, pikapu ya darajani ikanyamaza. Wanakwaya 14 wakatoa faranga 2,000 kila mmoja, jumla 28,000, nikapewa mimi kwa kuwa ndimi mtunza vyombo. Sikukuu ya shule ilikuwa imebakiza majuma matano.

Namna pikapu ifanyavyo kazi

Mwaka 1831 mtaalamu wa Uingereza, Michael Faraday, alionyesha kwamba nguvu za sumaku zikibadilika ndani ya koili ya waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Pikapu ni jambo hilohilo. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku mna waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, mwembamba kama unywele. Katika pikapu nyingi za koili moja waya huo umezungushwa mara 8,000 au karibu na hapo. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, huzivuruga nguvu zake, na umeme mdogo hutoka kwenda kwenye amplifaya. Ndiyo sababu gitaa lenye nyuzi za nailoni haliwezi kutumia pikapu ya namna hii: nailoni haivutwi na sumaku.

Sasa funga kamba mtini, shika ncha ya pili, uitikise. Utaona kwamba karibu na fundo kamba haichezi sana, lakini katikati hucheza kwa nguvu. Nyuzi za gitaa ni vivyo hivyo. Karibu na daraja hucheza kidogo, kwa hiyo sauti ya pale ni nyembamba tena ni hafifu. Kwa kuufidia udhaifu huo, watengenezaji wengi huzungusha waya mwingi zaidi katika pikapu ya darajani. Ukinunua pikapu iliyotengenezwa kwa ajili ya shingo ukaiweka darajani, yaweza kusikika dhaifu kuliko wenzake. Uliza kwanza ni ya mahali gani.

Kwanza: Hakikisha kwamba pikapu ndiyo mgonjwa

Wengi hununua pikapu mpya kumbe ya zamani ni nzima. Ubovu mara nyingi huwa katika swichi yenye vumbi, au tundu la waya lililolegea, au mahali palipolehemiwa pakaachia. Chukua testa ya mafundi wa umeme, uiweke kwenye kipimo cha kilo-omu. Chomeka waya katika gitaa, fungua kitufe cha sauti mpaka mwisho, kisha pima kwenye ncha ya pili ya waya, ukihamisha swichi kutoka pikapu moja hadi nyingine. Huna haja ya kufungua hata skrubu moja.

Katika gitaa letu pikapu ya shingo na ya katikati zilisoma karibu kilo-omu 6 kila moja. Ile ya darajani ilisoma karibu 250. Maana yake ni kwamba testa haikuiona pikapu kabisa, bali ilisoma kitufe cha sauti peke yake, ambacho ni cha kilo-omu 250. Ndipo tulipofungua. Tukaipima pikapu kwenye ncha zake mbili, testa isisome kitu. Waya ulikuwa umekatika ndani. Kufikia hapo nilikuwa sijakosea.

Pili: Usinunue namba

Hapa ndipo nilipojikwaa. Nilivuka mpaka nikaenda dukani, na mfanyabiashara akanionyesha pikapu mbili. Moja ilisoma kilo-omu 7, nyingine 14. Nikafikiri kwamba 14 ni mara mbili ya 7, kwa hiyo ni bora mara mbili. Nikatoa faranga 20,000, nikarudi nikijiona mwerevu.

Ile niliyonunua ilikuwa na koili mbili nyembamba zilizobanwa katika umbo la moja. Ilinguruma. Gitaa lilipohamishwa kutoka pikapu ya katikati kuja ya darajani, sauti iliruka mpaka waimbaji wakageuka kutazama. Tukaishusha chini mbali na nyuzi. Kelele ikapungua, lakini ule ukali safi haukurudi. Solo ikawa nene, ikazama katikati ya sauti za wanaume, hata mtu wa safu ya tatu asiisikie.

Nikampelekea gitaa mzee mmoja, fundi wa redio hapa Kamembe. Alisikiliza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, ulinunua sauti au ulinunua namba?"

Nikamjibu, "Mzee, nilinunua namba."

Akasema, "Basi hiyo namba ndiyo inayokuimbia."

Akanieleza kwamba kilo-omu hupima jinsi waya unavyouzuia umeme, wala si nguvu ya sauti, seuze uzuri wake. Waya mwembamba zaidi husoma namba kubwa hata kama mizunguko ni ileile. Hata joto hubadili namba. Shaba ikiongezeka joto kwa nyuzi 10 za sentigredi, ukinzani wake huongezeka karibu asilimia 4. Kwa hiyo pikapu moja ikipimwa asubuhi ya baridi mlimani, kisha ikapimwa adhuhuri Bugarama, itatoa namba mbili, na sauti ni ileile. Kuchagua pikapu kwa kilo-omu peke yake ni kama kuchagua muhogo kwa uzito wake bila kujua kama ni mchungu.

Hata hivyo namba ina faida yake ukilinganisha pikapu za jamii moja. Za koili moja kwa kawaida husoma kilo-omu 6 hadi 7. Zile za koili mbili za mtindo wa zamani husoma karibu 8. Zenye waya mwingi hufika 13 hadi 16. Kwa kawaida, mizunguko ikizidi, nguvu huongezeka na sauti kali za juu hupungua. Apigaye muziki wa roki, mwenye kutaka gitaa liungurume, atazipenda. Apigaye solo ya kwaya au ya rumba atapoteza kile anachokitafuta.

Sumaku nayo ina neno lake. Nyingine ni za alniko, yaani chuma kilichochanganywa na alumini, nikeli na kobalti. Kobalti ni madini ambayo jirani zetu wa Kongo huyatoa kwa wingi kuliko nchi yoyote duniani. Nyingine ni za seramiki, ambazo ni rahisi kwa bei na zina nguvu nyingi. Wapigaji wengi husema alniko ni laini na seramiki ni kali, lakini mizunguko na umbo la koili huchangia pia. Sikio liamue.

Tatu: Fikiri habari ya mvumo

Umeme wa majumbani kwetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Koili moja huudaka umeme huo hewani, ikatoa mvumo kama wa nyuki mzingani. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, aliomba hati ya uvumbuzi wa pikapu ya koili mbili. Koili hizo zimeunganishwa kinyume, na sumaku zake zimegeuzwa kinyume. Mvumo wa koili moja huufuta mvumo wa nyingine, lakini sauti za nyuzi hujumlishwa. Pikapu hiyo huitwa hambaka.

Je, hambaka ni bora? Inategemea. Ukipiga karibu na taa za mirija na amplifaya kubwa, ni msaada mkubwa. Lakini kwa kawaida sauti yake ni nene kuliko ya koili moja. Sisi tulichagua kuuvumilia mvumo ili tuipate sauti safi, kisha tukamweka mpigaji mbali na amplifaya, na mvumo ukapungua.

Nne: Pima kabla ya kulipa

Chukua rula. Pima upana na urefu wa tundu lililo katika gitaa, na umbali kati ya matundu ya skrubu. Hambaka ya kawaida haiingii katika nafasi ya koili moja bila kuchonga ubao, na ubao uliochongwa haurudi. Gitaa la kuachiwa usilichonge. Kisha pima umbali kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, juu ya mahali pikapu itakapokaa. Hambaka nyingi za zamani zina umbali wa milimita 49 hadi 50 kati ya vichwa vya sumaku vya pembeni. Zile pana zina 53 hivi. Vichwa visipokaa chini ya nyuzi, nyuzi za pembeni zaweza kusikika hafifu.

Tazama pia vitufe vya sauti. Desturi ni kutumia vya kilo-omu 250 kwa pikapu za koili moja, na vya 500 kwa hambaka. Kitufe cha 250 hupunguza sauti kali za juu. Hiyo ndiyo sababu nyingine iliyoifanya pikapu yangu nene izidi kuwa nene.

Tano: Ukishaifunga

Baada ya kulehemu, washa pikapu mpya pamoja na ya katikati. Kama sauti ya mbili ni nyembamba na tupu kuliko ya moja, zinapingana. Badilisha nyaya mbili za pikapu mpya, ya huku iende kule, na jambo litakwisha. Halafu bonyeza uzi mwisho wa shingo, na uache nafasi ya milimita 2 hivi kati ya uzi na pikapu. Kutoka hapo panda au shuka kidogo kidogo mpaka pikapu zote tatu zilingane kwa nguvu.

Mwisho wa habari

Nilirudi dukani pamoja na yule mzee. Pikapu ya faranga 20,000 ikapokelewa kwa 14,000, na kwa fedha hizo tukachukua ile ya kilo-omu 7 niliyoidharau siku ya kwanza. Hasara ilikuwa faranga 6,000. Nilisimama mbele ya kwaya nikasema habari yote. Hakuna aliyenitukana, lakini hakuna aliyecheka pia. Wakati wa likizo nilivuna mpunga Bugarama kwa kibarua, nikazirudisha faranga zote 6,000 katika sanduku la kwaya.

Siku ya sikukuu solo ilisikika mpaka mlango wa nyuma wa kanisa.

Pikapu ya zamani hatukuitupa. Imo katika bahasha kabatini, imeandikwa jina la gitaa na tarehe iliyokufa, kwa kuwa koili iliyokatika yaweza kuzungushwa waya upya. Ikiwa miongoni mwenu, ndugu zetu wa zamani, yuko ajuaye kazi hiyo, na atuandikie kwa anwani ya gazeti hili. Naye atakayetumwa dukani baada yangu, namsihi aende na rula, testa na mpigaji wa solo mwenyewe. Kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na nililipa.