Mkanda Unaojifunga Wenyewe na Mazoea ya Dereva

Mkanda wa usalama unaoshikizwa sehemu tatu, uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959, huubana mwili penye mifupa imara: begani, kifuani na kwenye nyonga. Hata hivyo, haumkingi mtu asiyeufunga. Nchini Marekani, ambako madereva wengi wa miaka ya 1970 hawakuufunga, ilionekana ni heri gari lenyewe limfunge dereva.

Mwaka 1984 serikali ya nchi hiyo iliagiza magari mapya yawekewe, kwa awamu, kinga isiyomtegemea mtumiaji: mfuko wa hewa au mkanda unaojifunga. Watengenezaji wengi walichagua mkanda, kwa kuwa gharama yake ilikuwa nafuu.

Mikanda hiyo ilikuwa ya namna mbili kuu. Katika namna ya kwanza, mota iliuvuta mkanda wa bega kwenye reli iliyo juu ya mlango mara gari lilipowashwa. Mkanda wa nyonga ulibaki kufungwa kwa mkono. Katika namna ya pili, mkanda ulishikizwa mlangoni, nao mlango ulipofungwa ulimzunguka aliyeketi. Yote ilikuwa na kifungio cha kuufungua wakati wa dharura.

Hapo ndipo mazoea yalipoingia. Mgeni wa gari huuacha mkanda ufanye kazi yake. Mwenyeji hujifunza namna ya kuukwepa. Mkanda wa mlangoni ukishafunguliwa na kuachwa hivyo, haujifungi tena. Umerudi kuwa mkanda wa kawaida, unaongoja hiari ya mtu. Mkanda wa mota uliendelea kutumiwa na wengi zaidi, lakini ulileta hatari nyingine: dereva aliyehisi kitu kifuani alijiona amekwisha kujifunga, akausahau mkanda wa nyonga.

Kitabibu, kosa hilo ni zito. Gari linapogonga, nyonga zisizoshikwa huteleza mbele chini ya mkanda wa bega. Mkanda huo hupanda shingoni au kukandamiza mbavu za chini, na waliojeruhiwa namna hiyo wamekutwa na mpasuko wa ini na majeraha ya uti wa mgongo wa shingo. Mkanda wa nyonga ukivaliwa peke yake juu ya tumbo laini, huumiza utumbo na uti wa mgongo wa kiunoni.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anayempokea majeruhi wa ajali asitosheke na jibu la "nilifunga mkanda". Aulize ni upi, na ulipita wapi. Alama ya mkanda shingoni au tumboni ni sababu ya kumchunguza kwa makini na kumwangalia tena baada ya saa kadhaa, hata kama maumivu ni madogo.

Mifuko ya hewa ilipolazimishwa katika magari ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, mikanda ya kujifunga ilitoweka. Somo lake halikutoweka. Mfuko wa hewa nao haushiki nafasi ya mkanda. Anayesafiri apitishe mkanda wa juu katikati ya bega na kifua, na wa chini juu ya mifupa ya nyonga. Mama mjamzito aushushe chini ya tumbo, si juu yake. Afanye hivyo kila safari, hata ile fupi ya kwenda sokoni.