Godoro la Hariri Kasongo, Chungu cha Darini Kabambare

Aprili 22, 1893, jeshi la Dola Huru la Kongo chini ya Francis Dhanis liliingia Kasongo, mji mkuu wa Waungwana wa Maniema, yaani Waarabu na Waswahili waliotawala sehemu hiyo ya mashariki mwa Kongo. Askari walikuwa wametoka katika vita virefu vya mtoni na msituni. Usiku ule walilala juu ya magodoro ya hariri na satini, katika vitanda vya nakshi vilivyofunikwa kwa vyandarua. Hawa hawakuwa maofisa, walikuwa askari wa kawaida. Habari hizo zimeandikwa na Sidney Langford Hinde, daktari raia wa Uingereza aliyekuwa katika msafara huo, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1897. Yeye mwenyewe alipata chumba chenye urefu wa futi 80 na upana wa futi 15, na mlango wake ulifungukia bustani ya michungwa.

Vitu vya nyumbani ndivyo vilivyomshangaza zaidi. Kulikuwa na mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za fedha na za kioo. Hinde anakiri kwamba yeye na wenzake walikuwa karibu wamesahau jinsi ya kuvitumia vitu hivyo. Maghala yalijaa mpunga, kahawa na mahindi. Bustanini mlikuwa na machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi.

Mtu akisoma maelezo hayo leo hawezi kuzuia kicheko. Wageni waliokuja wakitangaza kwamba wanaleta ustaarabu walijikuta wanajifunza upya kutia sukari kikombeni, nyumbani kwa watu ambao wao walitumwa kuwastaarabisha. Lakini kicheko hicho kina mpaka. Hariri ile ilinunuliwa kwa pembe za ndovu na kwa watu, na miongoni mwa waliobeba mizigo ya hariri na pembe njia nzima kutoka na kwenda pwani walikuwamo watumwa. Hakuna haja ya kuipamba Kasongo ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na mwanawe Sefu. Ila haitakuwa haki pia kusahau kwamba ndani ya nyumba zile waliishi wapishi, wafuaji, watunza bustani na mama wa nyumbani waliojua kazi yao vizuri kuliko wengi waliowashinda vitani.

Zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo, mgeni wa aina nyingine alikuwa amekaa Kabambare, mji mwingine wa Maniema. David Livingstone, daktari Mskoti, aliingia huko Septemba 1869. Katika daftari zake mahali hapo panaitwa Bambarre. Vidonda vya miguu vilimfunga ndani kuanzia Julai hadi Oktoba 1870, akabaki huko hadi Februari 1871, na asiyeweza kutembea huwa na muda mwingi wa kuangalia nyumba. Hatuna shahidi bora kuliko yeye wa maisha ya nyumbani ya Maniema ya zamani.

Aliona nyumba za pembe nne zenye kuta za udongo uliopigwa vizuri. Barabara ya kijiji ilielekezwa mashariki hadi magharibi, ili jua liipige kutoka mwanzo hadi mwisho na kukausha unyevu wa mvua. Mbele ya mlango palikuwa na kibaraza. Alfajiri familia ilikusanyika hapo kuzunguka moto, wakaota na kuzungumza mambo madogomadogo ya nyumba yao kabla ya kutawanyika kwenda kazini. Ndani, alihesabu vyungu kati ya 20 na 30 vikiwa vimening'inizwa darini kwa susu za kamba zilizosukwa kwa ustadi, na makapu kwa namna hiyohiyo, na kuni nyingi pembeni.

Hapo ndipo mataifa mawili yanapopishana kwa namna ya kufurahisha kabisa. Mama wa Kiingereza wa wakati huo aliweka sahani zake kabatini, na zile nzuri kupita zote alizifungia kioo ili wageni wazione wasizishike. Mama wa Kabambare alitundika vyombo vyake juu, mbali na panya, mchwa, mbuzi na watoto wanaotambaa, na sakafu ikabaki wazi kwa watu. Kila mmoja angeingia nyumbani kwa mwenzake na kuuliza kwa nini vyombo viko mahali pa ajabu hivyo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, katika nchi ya mvua na mchwa, Mbangubangu, mwenyeji wa Kabambare, alikuwa na jibu zuri zaidi.

Kuna kisa kingine kizuri zaidi. Karatasi na wino vilipomwishia huko Maniema, Livingstone aliandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani, akivuka maandishi yaliyopigwa chapa. Wino wake ulitokana na mbegu za mzingefuri. Mwenyewe aliandika kwamba mmea huo unajulikana India, na kwamba watu wa Maniema waliutumia kutia rangi viramba, yaani nguo za nyuzi za mwale, na kupamba nyuso na vichwa. Rangi ya kujipambia ikawa wino wa daktari. Mtu anaweza kuwaza namna wanawake wa kijiji walivyomtazama mzee yule akichovya kalamu katika pambo lao na kulipaka juu ya gazeti. Wino ule ulififia sana, hata mwaka 2010 na 2011 ikabidi wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki wazipige kurasa hizo picha kwa mianga ya rangi mbalimbali ndipo maneno yakasomeka.

Mfadhili wake mkuu katika miaka hiyo alikuwa Muhammad Bogharib, mfanyabiashara Mwislamu. Mwaka 1867, kabla hawajafika Maniema, Bogharib alimwandalia chakula cha tambi, mafuta na asali, pamoja na unga wa muhogo uliopikwa ukafanana na halua, kisha kahawa. Livingstone anaandika kwamba hakuwa ameonja asali wala sukari tangu Septemba 1866 alipoondoka Ziwa Nyasa. Ni tambi zilezile zinazopikwa hadi leo katika nyumba za Waislamu wa Afrika Mashariki siku ya Idi. Alilelewa katika nyumba ya Kiskoti ya uji wa shayiri, akaja kuokolewa na kitu kitamu cha sikukuu katikati ya pori. Na mwaka 1869, homa ya mapafu ilipomwangusha, Bogharib huyohuyo ndiye aliyeagiza abebwe kwa machela.

Desturi ya kumlisha mgeni inaonekana tena Novemba 1871. Livingstone alikuwa ametoka Maniema akafika Ujiji amechoka, na Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyemtafuta, akamkuta huko. Siku ileile sahani zilianza kuingia. Sayyid bin Majid alileta vitumbua vya nyama ya kusaga vya moto, Muhammad bin Saleh akaleta kuku wa mchuzi wa bizari, Muini Kheri akaleta wali na nyama ya mbuzi. Hakuna aliyeombwa. Katika mitaa ya Kasongo, jambo hilo halihitaji maelezo: mgeni wa jirani ni wako pia, na sahani inayofunikwa kwa kawa huvuka uani kabla mgeni hajamaliza kunawa. Uingereza, mgeni hualikwa siku kadhaa kabla, na idadi ya viazi hujulikana. Ukitokea wakati wa chakula bila mwaliko, mwenye nyumba hufadhaika. Kasongo, atakayefadhaika ni mama aliyepika bila kuzidisha kipimo.

Katika suala la mikono ndiko kicheko kinakozidi. Waungwana walikula sinia moja, mkono wa kulia, baada ya maji kupitishwa kwa birika na bakuli kutoka kwa mkubwa hadi mdogo. Mzungu alikula kwa uma na kisu, kila mtu na sahani yake. Mzungu aliona mkono siniani akashtuka. Mwungwana naye aliwaza kwamba mkono wake ameuosha mwenyewe muda huu, lakini uma ule umeoshwa na nani, na lini? Chooni hoja ni hiyohiyo. Nyumba ya Kiislamu ya Kasongo haikosi kopo au birika la maji, na mzee wa huko akisikia kwamba kuna watu wanaotosheka na karatasi, huona huruma.

India ilipitia mabishano hayo mapema, na baadhi yake ikayashinda. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua mkahawa wa vyakula vya Kihindi London mwaka 1810. Baadaye alihamia Brighton akafungua nyumba ya kuogea na kukandwa mwili kwa namna ya kwao, na mfalme George IV akawa miongoni mwa waliohudumiwa. Waingereza walioenda India kutawala walirudi na mchuzi wa bizari na mazoea ya kuoga kila siku. Bizari hiyohiyo ilivuka bahari hadi Unguja, ikapanda na misafara hadi Ujiji na mpaka sufuria za Kasongo.

Usafi wa nguo nao ulikuwa na kisa chake. Oktoba 1876, Stanley alikutana na Tippu Tip huko Mwana Mamba, karibu na Kasongo. Miongoni mwa aliyoyaandika ni kanzu nyeupe isiyo na doa na kofia mpya, ndani kabisa ya bara, mahali ambapo wasafiri wa Ulaya walikuwa wameshazoea matope. Nyuma ya kanzu ile walikuwepo wafuaji, na majina yao hayakuandikwa popote.

Mengi ya Waungwana yamebaki katika nyumba za kusini mwa Maniema bila kutangazwa. Mpunga walioueneza ungali unalimwa na kuliwa, ukishindana na bugali na sombe (majani ya muhogo) ya mawese katika sahani ileile. Nyumba za Wakristo nazo zina birika, na nyumba za Waislamu zina vijiko. Mwembe uani haumwulizi mtu dini.

Mji wa zamani uko Tongoni, nje ya Kasongo ya leo, na wanaakiolojia wakiongozwa na Noemie Arazi wamefanya utafiti huko; matokeo yao yalitoka katika jarida la Antiquity mwaka 2020, pamoja na kumbukumbu walizozikusanya kwa wenyeji. Kazi hiyo inastahili kuendelezwa jikoni. Wapo akina bibi Kasongo na Kabambare wanaojua nani alipaswa kunawa kwanza, tambi zilipikwaje kabla ya sukari ya dukani, na susu ilisukwa kwa nyuzi za mti gani. Wajukuu wao wana simu zinazorekodi sauti. Waanze na huyo wa uani kwao, wiki hii.